Safari Rally: Ardhi huchagua tairi, tairi humchagua mshindi

MVUA ya alasiri inaponyesha katika miinuko ya Manga, kila mwendeshaji bodaboda kati ya Kisii na Nyamira hujua kinachomsubiri. Udongo mwekundu hujaa katikati ya meno ya tairi, tairi huteleza kama sabuni, na mlima alioupanda asubuhi bila wasiwasi huwa hauteremkiki ila kwa kukokota miguu yote miwili ardhini.

Ujuzi huo, ambao hakuna aliyefunzwa darasani, ndio ule ule ambao timu za Toyota, Hyundai na M-Sport Ford zimekuwa zikiutafuta kwa gharama kubwa kila zinapowasili Naivasha kwa mashindano ya magari ya Safari Rally.

Magari ya timu hizo hayapitani sana kwa kasi. Kinachotenganisha washindani nchini Kenya ni nani aliyeisoma ardhi vyema kabla ya jua kuchomoza, akafunga tairi zinazostahili, kisha akazifikisha salama mwisho wa mkondo.

Ushahidi ni wa juzi tu. Mnamo 2023, Mfaransa Sebastien Ogier alimshinda mwenzake wa Toyota, Kalle Rovanpera wa Finland, kwa sekunde 6.7 pekee baada ya siku nne za mashindano. Tairi moja ikipasuka katikati ya mkondo, dereva na mwelekezi wake hushuka, hupiga jeki, hubadilisha gurudumu na kufunga mikanda upya. Kazi hiyo huwala takriban dakika mbili hata wakiwa stadi. Jiwe moja lililofichika vumbini lingetosha kuyageuza matokeo hayo juu chini.

Msomaji anayefuatilia mashindano haya kwa mara ya kwanza anastahili kuelewa mpangilio wake. Safari haiendeshwi katika uwanja wa mzunguko kama mbio za Formula One, ambako magari hufukuzana ana kwa ana. Kila gari huondoka peke yake baada ya muda maalum, hupita katika kipande cha barabara kilichofungwa ambacho huitwa mkondo, na muda wake hurekodiwa. Muda wa mikondo yote hujumlishwa kuanzia Alhamisi hadi Jumapili. Mwenye jumla ndogo zaidi ndiye bingwa.

Kati ya 2021, mashindano yaliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya kukosekana tangu 2002, na 2025, urefu wa mikondo yote kwa pamoja ulikuwa kati ya kilomita 320 na 385 hivi. Ni mwendo mfupi ukilinganishwa na Safari za kale zilizozidi kilomita 5,000, lakini wanaodhani ufupi huo umeyafanya mashindano kuwa mepesi hawajawahi kuiona Kedong.

<b>Ardhi ya Naivasha</b>

Kedong imekuwa ikishindaniwa Ijumaa. Ni mkondo wenye urefu wa takriban kilomita 30 karibu na Mlima Longonot, na ndio unaoogopwa zaidi. Kwa mbali unaonekana tambarare, wa kukanyaga mafuta bila kufikiri. Ukiukaribia unagundua kwamba juu pana tabaka la vumbi laini mno, jepesi kama unga wa ugali, lililotokana na majivu ya volkano.

Gari la kwanza hupita vyema. La tano hukuta mifereji miwili iliyochimbwa na magurudumu. La kumi hukuta mifereji hiyo imekuwa mirefu kiasi cha tumbo la gari kuburuta, na mawe yaliyokuwa yamezikwa sasa yamechomoza. Ndiyo sababu Kedong ya asubuhi na Kedong ya alasiri ni barabara mbili tofauti, ingawa ramani inasema ni moja.

Rovanpera alijifunza hayo kwa uchungu. Mnamo 2021 gari lake lilinasa katika mchanga wa Kedong akalazimika kusitisha mbio siku hiyo. Mwaka uliofuata alirudi, akaendesha kwa subira isiyo ya kijana wa miaka 21, na akashinda huku Toyota ikitwaa nafasi nne za kwanza.

Jumamosi mashindano yamekuwa yakihamia kaskazini, karibu na Ziwa Elmenteita. Huko kuna mikondo ya Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior, ambao umepewa jina la kilima kinachofanana na shujaa aliyelala chali. Soysambu ina mawe mengi. Sleeping Warrior ni mrefu, na hauaminiki mvua inapokaribia. Mnamo 2022 mvua ya Jumamosi alasiri iliugeuza kuwa tope, na waliokuwa wamejiandaa kwa vumbi walijikuta wakicheza dansi usukani ukiwa hausikii.

Loldia, kando ya Ziwa Naivasha, ndiko ndoto ya Thierry Neuville wa Hyundai ilikozimika mnamo 2021. Mbelgiji huyo aliianza Jumapili akiwa mbele kwa karibu dakika nzima. Katika mkondo wa kwanza wa siku, kifaa cha kuhimili mitetemo katika gurudumu la nyuma kilivunjika, na mbio zake zikaishia hapo. Ogier alishinda kwa sekunde 21.8 mbele ya Mjapani Takamoto Katsuta.

Mashindano hufungwa katika mkondo wa Hell's Gate, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, ambao hutoa pointi za ziada kwa walio na kasi zaidi. Eneo hilo lina mawe meusi ya kioo cha volkano ambayo wakazi wa kale waliyatumia kutengeneza visu. Ukali wake haujapungua.

Hapa ndipo msomaji wa Gusii anapopaswa kuwa makini, kwa sababu udongo alioulelea si huo. Udongo wa Kisii na Nyamira pia asili yake ni volkano, lakini umekaa katika mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka kwa karne nyingi. Umeoza, umekuwa mwekundu na wenye kunata. Hatari yake ni utelezi. Wa Naivasha ni mchanga mkavu, hauna umri huo, na mawe yake bado hayajalainika. Hatari yake kuu ni kukata na kunasa. Jiwe la Tabaka hukatwa kwa panga na kuchongwa kinyago. Jiwe la Kedong lenyewe ndilo panga.

Mvua inaponyesha Naivasha, hata hivyo, tofauti hiyo hupungua kwa ghafla. Vumbi lile laini likilowa hugeuka uji mzito, na kwa saa kadhaa dereva kutoka Finland huhitaji maarifa ya mtu wa Keroka.

<b>Hesabu ya tairi</b>

Katika mashindano ya barabara za udongo, madereva hupewa aina mbili za tairi: ngumu na laini. Muundo wa meno huwa mmoja au unaokaribiana. Kinachotofautiana ni mchanganyiko wa mpira wenyewe.

Tairi ngumu huvumilia mawe na joto, na huchakaa polepole. Kasoro yake ni kwamba barabara ikiwa baridi au yenye tope, haishiki. Tairi laini hushika vyema katika unyevu na baridi ya alfajiri, lakini ikikutana na kilomita 30 za mawe makavu huchakaa hadi kuwa kipara na huchanika kwa urahisi. Kwa Safari, tairi ngumu imekuwa ndiyo chaguo la msingi, na laini huwekwa kwa ajili ya mvua.

Yote haya yangekuwa mepesi kama dereva angeruhusiwa kubadilisha atakavyo. Hawezi. Kila mmoja hupewa idadi maalum ya tairi kwa wikendi nzima, na anayezimaliza Ijumaa atateseka Jumapili. Tena, gari likishaondoka katika kituo cha mafundi, hutembea mikondo kadhaa kabla ya kurejea. Tairi zilizofungwa saa kumi na mbili asubuhi ndizo zitakazokutana na jua la saa tano.

Swali la pili ni idadi ya spea. Gari huweza kubeba tairi moja ya akiba au mbili. Gurudumu moja lililokamilika lina uzito wa takriban kilo 20 au zaidi, na uzito huo humwibia dereva sehemu ya sekunde katika kila kilomita. Kwingineko duniani wengi huthubutu kubeba moja. Katika Safari, wanaothubutu hivyo huwa ama wamekata tamaa ama wamebashiri kwamba mkondo unaofuata ni wa mchanga mtupu. Kubeba mbili ni kama kubeba mwavuli Nyamira mwezi Aprili.

Kuna pia ujanja wa kuchanganya. Dereva asiye na uhakika wa mvua anaweza kufunga tairi mbili laini na mbili ngumu kwa mshazari, yaani laini mbele kulia na nyuma kushoto, na ngumu katika pembe zilizosalia. Gari huwa halina raha kamili popote, lakini pia halisalitiki kabisa popote. Mtazamaji anayeona gari likikata kona ya kulia vizuri na ya kushoto kwa kuyumba asikimbilie kumlaumu dereva. Huenda ni hesabu iliyofanywa makusudi.

Upepo nao una siri yake. Ukipunguzwa, tairi hutanuka na kushika mchanga vyema zaidi. Ukipunguzwa kupita kiasi, jiwe huibana tairi dhidi ya rimu na kuipasua pande zote mbili kwa mpigo. Waendeshaji pikipiki wanaopeleka ndizi sokoni Daraja Mbili hupunguza upepo msimu wa mvua kwa sababu iyo hiyo, na hulipia kosa lilo hilo.

Zamani tatizo la kupasuka lilikuwa na dawa. Timu kubwa zilijaza ndani ya tairi sifongo maalum iliyoiwezesha kuendelea kubeba gari hata ikitobolewa. Dawa hiyo ilipigwa marufuku katika ubingwa wa dunia kuanzia 2008. Hivyo Safari iliporejea 2021, ilirejea na mawe yale yale lakini bila kinga ile. Waliolilia enzi za kale kwamba ndizo zilizokuwa ngumu pekee husahau jambo hilo.

Pirelli ndiyo iliyozipa timu zote tairi kuanzia 2021 hadi 2024, kabla ya Hankook ya Korea Kusini kuchukua nafasi hiyo mnamo 2025. Mwaka huo hakuna dereva aliyekuwa na kumbukumbu ya jinsi tairi hizo zinavyochakaa Kedong. Elfyn Evans wa Uingereza alichagua kutokimbilia sekunde za bure, akaepuka mashimo, na akashinda kwa zaidi ya dakika moja mbele ya Ott Tanak. Ulikuwa ushindi wa tano mfululizo wa Toyota tangu Safari irejee.

Jina la kukumbukwa zaidi katika somo hili, hata hivyo, huenda ni la Katsuta. Mjapani huyo alimaliza wa pili 2021, wa tatu 2022, wa nne 2023 na wa pili tena 2024. Kwingineko hakuwa akitajwa sana miongoni mwa wababe. Kenya ilimtambua kwa sababu gari lake lilifika.

<b>Nafasi ya anayefungua njia</b>

Utaratibu wa kuondoka nao huathiri tairi. Ijumaa, anayeongoza jedwali la dunia huwa wa kwanza barabarani. Katika ukavu, yeye ndiye mfagizi: husukuma vumbi na changarawe pembeni, na wanaomfuata hupata njia safi. Siku zinazofuata utaratibu hubadilika, aliye nyuma zaidi miongoni mwa magari makuu akitangulia na kinara akifunga msafara.

Kwa kawaida hiyo ni zawadi kwa kinara. Mvua ikinyesha zawadi hugeuka adhabu. Anayetangulia hupita tope likiwa bado na ngozi juu, na anayefuata hukuta limekorogwa. Tangu 2024 mashindano yalipohamishwa kutoka Juni hadi Machi, mvua za masika zikibisha hodi, hatari hiyo imekuwa sehemu ya hesabu ya kila timu.

Madereva wa Kenya huzifanya hesabu hizi wakiwa na mfuko mwembamba. Hawana kiwanda nyuma yao, na magari yao huwa ya daraja la chini kuliko ya kina Ogier. Tairi iliyochanika kwao ni gharama inayoumiza hata baada ya wikendi kwisha. Mbinu yao bora imekuwa ni kuyaacha magari makubwa yajivunje. Mnamo 2021 Onkar Rai alimaliza wa saba kwa jumla akiwa na Volkswagen Polo, huku majina makubwa yakiwa yamebaki njiani au yamerudi yakiwa na adhabu za muda. Karan Patel, aliyekuja kuwa bingwa wa Afrika 2023, pia alikuwa ndani ya kumi bora.

Hiyo ni desturi ya zamani. Mashindano haya yalianza 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mnamo 1963 ni magari saba pekee yaliyofika mwisho. Mnamo 1968, tope likiwa limevimba kila mahali, yakafika saba tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404, gari ambalo wazee wengi wa Gusii wanalikumbuka zaidi kama la abiria.

Naye Joginder Singh, aliyeshinda 1965, 1974 na 1976, alizaliwa Kericho, mwendo mfupi kutoka Nyamira. Aliyekulia katika barabara za mashamba ya chai hakuhitaji kuelezwa maana ya utelezi.

<b>Kwa nini si Nyamira?</b>

Swali hili huulizwa na mashabiki wa Gusii kila msimu, nalo lina haki ya kuulizwa. Nchi iliyomzaa Naftali Temu, Mkenya wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki mnamo 1968, na yenye klabu ya Shabana, haikosi mapenzi ya michezo. Kona za kutoka Manga kuteremka, miinuko ya Kiabonyoro na barabara za majani chai za Nyansiongo zingempa dereva yeyote kazi.

Kikwazo ni watu. Hesabu ya 2019 ilipata wakazi 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ilikuwa na zaidi ya watu 900 katika kila kilomita mraba. Shamba hufika ukingoni mwa barabara, nyumba hufuata, na barabara iyo hiyo ndiyo njia ya mtoto kwenda shule na ya mama kupeleka majani chai kituoni. Naivasha na Elmenteita zina ranchi na hifadhi kubwa zinazoweza kufungwa kwa saa nyingi kwa kuzungumza na wamiliki wachache. Kuufunga mkondo wa kilomita 20 Nyamira kungehitaji ridhaa ya maelfu ya kaya, na mahali pa kuwasimamisha watazamaji mbali na magari hapapo.

Safari za kale zilipita katika barabara zilizokuwa wazi kwa umma, ng'ombe na baiskeli zikiwemo. Hakuna anayeweza kutetea utaratibu huo leo. Shindano dogo la kitaifa, lenye mikondo mifupi katika mashamba makubwa ya chai, lingekuwa pendekezo la busara zaidi kwa serikali za kaunti hizi mbili kulizingatia.

Kwa sasa, shabiki hulazimika kusafiri. Anayetoka Nyamira kupitia Kericho na Nakuru huifikia Elmenteita kabla ya Naivasha, kwa hivyo Jumamosi ndiyo siku yake. Anayetoka Kisii kupitia Keroka, Sotik, Bomet na Narok hutokea Mai Mahiu, na humfaa kulenga Kedong ya Ijumaa au Hell's Gate ya Jumapili. Barabara hizo zote mbili zina miteremko mikali na malori mengi, na magari ya mashabiki hayana vizimba vya chuma ndani wala barabara iliyofungwa mbele yao.

Atakayebaki nyumbani na redio au runinga asikilize mambo matatu kila asubuhi: mtangazaji akitaja tairi walizochagua madereva wakitoka kituo cha mafundi, nani amebeba spea mbili, na wingu liko upande gani wa Longonot. Akisikia kwamba mmoja amechagua tofauti na wenzake wote, asiondoke karibu na redio hadi alasiri.